Taa ya Njano Kwenye Kiti cha Nadim

Gerezani, 11 Mei 2022

Binamu yangu Suha,

Pokea salamu zangu kabla hujatazama stempu ya bahasha na kuanza kupiga kelele. Mimi mzima. Ninakula, ninalala, meno yangu yote yapo. Nisalimie mjomba Tawfik, mwambie kikohozi chake nakisikia mpaka huku, pamoja na ngurumo za jenereta yake. Habari za kazi yako? Ile tovuti ya karata bado inakunyima usingizi, au siku hizi ni wachumba?

Ama jambo lenyewe ni hili: niko jela. Ndiyo maana nimeandika anwani ya banda la jenereta badala ya nyumbani. Walipopekua meli yetu bandarini walikuta makasha ya sigara chini ya sakafu ya chumba cha injini, na fundi wa injini ni mimi. Nahodha naye yumo humu, ushoroba mwingine. Kesi wanasema Agosti.

Mama asijue. Unajua sababu, ila niiandike ili usije ukasema sikukwambia. Nilikuwa na miaka miwili walipomshusha baba garini kwenye kizuizi cha barabarani, na kwa miaka sita Mama alizunguka na picha yake kwenye kila mlango wenye kufuli. Hakuna aliyempa jibu, hata la uongo. Mpaka leo akisikia mtu katajwa na jela hutafuta pa kukaa. Simu siwezi kumpigia: simu za hapa huanza na sauti ya mwanamke anayetangaza zinatoka wapi.

Yeye anajua niko baharini. Anachohitaji ni kuona jina langu limewaka kila saa mbili usiku anapofungua meza kwenye tovuti yako. Sasa, wewe una kaimu wako, ile programu ya kuziba pengo. Umeme ukikatika katikati ya mchezo, kaimu hukaa kwenye kiti cha mtu na kucheza kwa jina lake mpaka arudi. Niwekee kaimu, Suha. Mimi ni mtu niliyekatikiwa umeme, basi, ila kwa muda mrefu kidogo.

Usiniulize mengi. Barua zinasomwa.

Wako,
Nadim


Mina, 2 Juni 2022

Nadim,

Salamu nimezipokea, na kelele nimezipiga. Baba alikuja mbio kutoka kwenye jenereta akiuliza kuna nini, nikamwambia nimeona panya. Amekaa na fagio mlangoni asubuhi nzima, maskini. Anakusalimia, akidhani uko baharini. Mama yako hajambo, magoti yake ndiyo yaleyale. Lifti imekufa, yeye ghorofa ya tano, jirani yake Hiyam yuko chini na mguu wake mbovu, na mwenzao Naziha yuko Montreal kwa binti yake, ambako kwao huwa bado mchana. Bila meza yangu hao wanawake watatu wasingeonana. Nakukumbusha hilo ili ujue unanitaka nichezee nini.

Tangu benki zifunge pesa za watu siwezi kulipia mashine ya kukodi ng'ambo, kwa hiyo seva imo humu bandani, nyuma ya jenereta, na feni inaipepea kama bibi harusi. Karata zote za meza zote zimo ndani yake. Ndiyo maana wachezaji hawaishi kunituhumu kwamba kaimu anachungulia. Hachungulii. Nimemwandika aone karata za kiti chake tu, asubiri kidogo kama mtu anayefikiri, halafu atupe. Mtu akipotea hewani humshikia kiti dakika tano, na taa ya njano huwaka juu ya jina lake, ili wenzake wajue kwamba hapo wanacheza na mashine. Taa hiyo ndiyo heshima yangu mbele ya watu. Sina nyingine.

Jumatatu nimeizima kwenye kiti chako. Dakika tano nazo nimeziondoa. Mama yako akifungua meza, Nadim anawaka mbele yake, bila alama yoyote. Usiku uleule mama yako, shangazi yangu, alimpigia Baba kumwambia umepata mtandao baharini. Alikuwa na furaha, Nadim, na mimi nilijisikia mwizi.

Mwisho wa kaimu huyu ni Agosti, kesi ikishasikilizwa. Na nakuuliza mara moja tu: makasha yale, ulijua?

Suha


Gerezani, 27 Juni 2022

Suha mpiga kelele,

Asante. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Huku joto limeanza. Tuko sita chumbani, mmoja wao anajua kunyoa, kwa hiyo sote tumependeza. Habari za Baba yako na fagio zilitufanya tucheke hata tukagongewa mlango.

Nina wasiwasi na jambo moja. Kaimu wako anacheza vizuri mno. Mama amecheza nami tangu nilipokuwa sijui kuzishika karata zote mkononi, nilikuwa naziweka chini ya paja. Atanitambua kwa makosa yangu. Basi mfundishe hivi: nikiwa na karata za kula raundi saba, mimi hutaja kwamba nitakula kumi. Daima. Nikiwa na kopa ndogo huanza nayo, hata kama haina maana, kwa sababu Mama anapenda kopa. Turufu huzitoa mapema kwa papara. Mimi na Mama, tulio upande mmoja, tukishindwa namtumia kile kikatuni cha kikombe cha kahawa, maana yake nitakupikia nikirudi. Rekodi za michezo yangu unazo zote humo kwenye seva. Msomeshe.

Kesi imebaki palepale. Chakula ni dengu, kisha dengu.

Mama akiuliza meli iko wapi, sema inapakia.

Nadim


Mina, 20 Julai 2022

Nadim,

Natumai joto halijakumaliza. Sisi huku jenereta ya Baba inafanya kazi zaidi ya saa ilizozaliwa nazo, naye anakohoa zaidi yake. Nimemwambia aende kwa daktari, akasema daktari naye amehama nchi. Kila akipita mlangoni hutazama seva na kusema, hii mashine yako inakunywa dizeli yangu na haijawahi kunisalimu.

Kaimu nimemsomesha michezo yako yote. Ni kazi ya ajabu kumfunza mwenye akili awe mjinga kwa mpango. Sasa anataja kumi kwa karata za saba, anaanza na kopa, anatupa turufu ovyo, na mnashindwa vizuri kabisa. Juzi shangazi alimwambia Hiyam dirishani, "Mwanangu ni mpumbavu, lakini ni mpumbavu wangu." Mtaa mzima ulisikia.

Sasa tatizo. Pembeni ya meza kuna pale pa kuandikiana. Zamani mlikuwa hamwandikiani, mlikuwa mnapigiana simu. Sasa simu hakuna, mama yako ameanza kuandika. Umekula? Kuna baridi huko? Siku ya kwanza kaimu alinyamaza, kwa kuwa hajui kusema. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu akaandika, Nadim, nimekukosea nini?

Nikaandika mimi. Nilikaa pale bandani nikaandika kwa jina lako: Nimekula, Mama. Akauliza nini. Nikaandika samaki.

Samaki, Nadim! Mtu ambaye amekaa baharini miaka kumi na mitano na harufu ya samaki bado inamfukuza mezani. Sijui nilifikiri nini, nadhani nilifikiri meli. Shangazi alicheza raundi nzima. Halafu akaandika, Umeanza kula samaki, kisha akatupa karata yake. Tangu hapo hajaandika tena. Anacheza tu, na mimi namwangalia kwenye seva jinsi anavyochelewa kutupa.

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi na wewe tumeshatembea sana. Swali langu la Juni hukulijibu.

Suha


Gerezani, 16 Agosti 2022

Suha,

Msalimie mjomba, mlazimishe aende kwa daktari.

Usiseme tena kwa mdomo wangu. Nilikuomba karata, sikukuomba maneno. Maneno ya kumwambia Mama ni yangu hata kama siyasemi.

Kesi imekwisha. Miaka miwili, tangu siku tuliyokamatwa. Kwa hiyo ile Agosti yako haipo. Endelea na kaimu. Nakuomba kama ndugu, na kama ndugu nakwambia pia: ukimwambia, ukamuua, mzigo huo utaubeba wewe.

Nimeandika kwa hasira, sina karatasi nyingine.

Nadim


Mina, 9 Septemba 2022

Nadim,

Kaa chini kwanza.

Baba amefariki. Ilikuwa jioni ya tarehe 31 Agosti, alikuwa anajaza dizeli, akaegemea ukuta kama mtu anayepumzika. Tumemzika kesho yake karibu na babu. Watu walijaa mpaka barabarani, hata wale aliowakatia umeme wa jenereta kwa kutolipa. Mama yako amekaa kwenye kiti cha mwanzo siku zote tatu, kwa sababu mimi nilikuwa siwezi kukaa. Baba alitulea wewe na mimi kwa pamoja, anasema, mmoja kwa mkono huu na mwingine kwa mkono huu. Pole, ndugu yangu. Nipe pole na mimi.

Siku ya kwanza shangazi aliniuliza kama umepata habari. Nikamwambia nimewasiliana na meli, kwamba umelia sana na nahodha amekataa kukushusha. Sikuwa na nguvu ya kusema kingine. Aliitikia kwa kichwa, akazichukua karata za nyumbani, akazifunga kwa uzi mweusi na kuziweka juu ya kabati mpaka arobaini, kama walivyofanya kwa bibi na kwa kila mtu wetu. Simu ya kuchezea aliizima.

Mimi, Nadim, sikuikumbuka seva. Jenereta ilikuwa inashughulikiwa na majirani, na seva ikaendelea kuishi kama kawaida. Na wewe kwenye seva hujui kwamba mjomba wako amekufa.

Naziha wa Montreal naye alikuwa hajajua. Siku ya tatu alifungua meza saa zilezile. Nadim akaja mara moja, anawaka. Viti viwili vilivyobaki vikajazwa na makaimu wa kawaida wenye taa zao za njano. Mkacheza jioni nzima. Ulitaja kumi mara nne. Mliposhindwa ukatuma kikombe cha kahawa.

Kesho yake Naziha akapata habari ya msiba, akampigia mama yako kumpa pole. Sebule bado imejaa wanawake, kahawa chungu inazungushwa, na yule mama ana sauti ya kuita kuku. "Afadhali Nadim anajikaza," akasema. "Jana tumecheza naye, hata ametuma kikatuni." Wote walisikia. Wote walitazama vikombe vyao.

Shangazi alikata simu, akaniangalia mimi. Akaendelea kupokea watu, lakini tangu siku hiyo jina lako halitaji, na mtu mwingine akilitaja anaondoka chumbani. Anadhani ulipokea habari ya kifo cha mtu aliyekulea, kisha ukakaa ukacheza karata kaburi halijakauka.

Kaimu nimemwondoa usiku uleule. Kiti chako kimezima. Sasa nataka ruhusa yako nimwambie ukweli. Nitasubiri mpaka arobaini, kwa kuwa kabla ya hapo simwongezei jingine. Tafadhali andika upesi.

Suha


Gerezani, 3 Oktoba 2022

Suha, dada yangu,

Pole. Pole sana. Nimeandika neno hilo mara nyingi kwenye karatasi nyingine na kuzichana. Mjomba alinifundisha kufungua injini yangu ya kwanza, na nilipodondosha nati ndani hakunipiga, aliniambia tu, sasa itoe. Wenzangu chumbani wamenikalia matanga. Yule kinyozi alipika kahawa bila sukari kwenye kopo, na tuliinywa sote, hata wale wasiojua ni desturi ya nani.

Barua yako imechukua wiki tatu. Naandika sasa hivi ili ikuwahi.

Usimwambie.

Nimelala nalo hili. Mwache anione sina haya. Mtoto asiye na haya ni mzima, anakula, ana kiti chake mahali fulani duniani, mama yake anaweza kumtukana. Atanilaani, na ninastahili. Lakini akijua niko nyuma ya kufuli ataanza tena. Atatoa ile picha ya baba, ataweka yangu kando yake, atatoka na magoti yale kugonga milango. Bora aniumize mimi kwa chuki kuliko ajiumize yeye kwa kunisubiri. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Nikirudi nitapiga magoti mbele yake na mbele ya kaburi la mjomba. Mpaka hapo, nyamaza. Naapa sitakusamehe ukisema.

Nadim


Mina, 11 Oktoba 2022

Nadim,

Yako haijafika, na arobaini imepita. Sijui umenijibu nini. Nakuandikia lililotokea, kisha fanya utakavyo.

Hitima tumeisoma, tumelisha watu wali wa dengu, wameondoka. Mama yako akaniambia nipande naye juu. Tulipanda tukipumzika kila ghorofa. Alipofika alikata ule uzi mweusi kwa mkasi, akaiwasha simu yake ya kuchezea, akanipa mkononi. "Nifungulie meza," akasema.

Nikaifungua. Kiti chako kilikuwa giza. Alikitazama kwa muda.

"Nikuulize, nawe unijibu kama baba yako angenijibu," akasema. "Yule aliyecheza siku ya tatu alikuwa mwanangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, Nadim, ila si hilo. Nilimwambia, "Hapana, shangazi."

Ukidhani alilia, hakulia. Alisema alhamdulillahi, akasema tena na tena, huku akijipiga kifuani polepole, kama mtu aliyetolewa mwiba. Kisha akaniambia jambo ambalo sitalisahau. "Siku arobaini nimekunywa kahawa chungu ya ndugu yangu, na ndani ya moyo nilikuwa namzika mwanangu. Nilitamani angekuwa amekufa, Suha, kuliko awe hivyo. Mungu anisamehe."

Ndipo akauliza uko wapi.

Nikamwambia. Neno lenyewe nililisema, sikulizungusha. Akatafuta pa kukaa, kama ulivyosema, ila alikuwa ameshakaa, kwa hiyo alishika tu mkono wa kiti. Nilidhani sasa ndiyo nimemuua. Akaniuliza, "Wanamruhusu kuandika?" Nikasema ndiyo. "Kwa mkono wake?" Ndiyo. "Na wewe unazo?"

Nilishuka ghorofa tano, nikaenda bandani, nikapanda tena na barua zako zote. Alizisoma kwenye mwanga wa simu kwa kuwa jenereta ilikuwa imeshazimwa. Ile ya hasira aliisoma mara mbili. Alipofika kwenye dengu alitabasamu, Nadim. Halafu alizikunja, akaziweka mapajani, akasema hivi, na nimeandika kama alivyosema.

"Baba yake sikupata hata karatasi. Hata karatasi moja yenye jina lake. Mtu anayeandika barua amefungwa, na aliyefungwa huachiliwa. Mlinificha hiki? Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye ile milango."

Hakuuliza kama ulijua kuhusu makasha. Nami sikulitaja.

Nililia mimi. Yeye ndiye aliyenipa maji. Nikamwomba msamaha kwa samaki, akasema kaimu alimtia shaka siku nyingi, lakini samaki ndiye aliyemtia hofu.

Suha

Nyongeza, 26 Oktoba. Barua hii ilikuwa bado mezani, sikuwa na ujasiri wa kuituma. Jana imefika yako ya tarehe 3. Postamasta alimpa mama yako njiani, naye akaifungua kwa kuwa, anasema, barua za mwanawe hazina siri tena. Ameisoma kabla yangu. Akaniagiza nikuandikie: "Mwambie huyo mpumbavu kwamba chuki inachosha kuliko kusubiri. Kusubiri mimi nimekuzoea."

Na ana agizo la pili, kwangu. Anataka meza. Nilimwambia sitamrudisha kaimu. Akasema, "Nani kakuomba kaimu?"

Kwa hiyo nimefungua meza isiyo na saa. Haina dakika tano, haina dakika yoyote. Inasubiri kila mtu mpaka atupe. Seva imeshagawa karata. Mama yako kakaa mbele yako, Hiyam na Naziha pembeni, nao wameambiwa kila kitu na wamekubali. Kiti chako ninakifungua mimi peke yangu. Nitakuandikia karata zako, wewe utaniandikia unachotaja na unachotupa, na mimi nitakitupa kama kilivyo, hata kiwe upuuzi. Kaimu wako sasa ni mimi, na kazi yangu ni kutii tu. Mama yako aliweka sharti moja: taa ya njano iwake juu ya jina lako. "Nijue nacheza na nani na yuko wapi," akasema. Inawaka sasa hivi ninapoandika.

Amehesabu kwa vidole. Raundi ni kumi na tatu, na barua kwenda na kurudi unajua mwenyewe zinavyotembea. Anasema zisipopotea, karata ya mwisho utaitupa kwa mkono wako, hapa, na taa nitaizima mbele yake.

Karata zako: ree ya shupaza, mfalme wa uru, bibi wa uru, ghulamu wa pau. Kopa unazo tatu, zote ndogo, ile ya mbili ndiyo ya chini kabisa. Zilizobaki ni takataka, nimezipanga nyuma ya karatasi hii. Kwa hesabu ya mtu mwenye akili timamu ni za kusema pasi, yaani kutotaja chochote. Mama yako anasubiri utaje.


Gerezani, 20 Novemba 2022

Suha,

Nilisema sitakusamehe. Nimesahau nilisemea wapi.

Barua yako niliipata asubuhi, wakati wa kuhesabiwa, nikaisoma nimesimama mstarini. Mlinzi aliniuliza kuna msiba mwingine? Nikamwambia hapana. Kinyozi amenikatia kipande cha sanduku la maziwa, nimechora juu yake karata zangu kumi na tatu na kuzisimamisha dirishani. Chumba kizima kinashauri. Watu watano, na kila mmoja anasema pasi.

Nisalimie kaburi la mjomba. Mwambie nati bado naitafuta. Swali lako la Juni nitalijibu mbele ya Mama, tukiwa tumekaa wote watatu, na si kwenye karatasi inayosomwa na wengine.

Mwambie Mama namsalimu. Mwambie sijala samaki.

Mwambie nataja kumi, na nikiachiwa nianze, naanza na mbili ya kopa.

Nadim